Orodha ya Mbegu za Mwabuki

Orodha ile Matilda Kalinga aliiandika kwa mwandiko wake wa siku ya mtihani. Upande wa kushoto majina ya wenye mbegu, upande wa kulia idadi ya magunia, na katikati jina la nyumba ambamo magunia hayo yamehifadhiwa. Juu kabisa aliandika kwa herufi kubwa, akapigia mstari mara mbili: MBEGU, ZISIGUSWE. Ilikuwa Julai 1975. Akapuliza wino ukauke, akaitia karatasi katika bahasha pamoja na taarifa yake ya kurasa kumi na moja, akaituma Iringa kwa Didas.

Siku ile alifurahi kwa namna yake, bila mtu kujua. Alisimama dirishani kwenye ghala la Mbeya akitazama wapagazi wakipakia, na kila mara akajikuta anatabasamu, kisha akafunika mdomo kwa kiganja.

Chama cha Ugavi cha Nyanda kilikuwa kikinunua mpunga wa Usangu, kikiukoboa Mbeya, na kuupeleka kwenye shule za bweni na kambi za wajenzi wa barabara mpaka Iringa na mbele yake. Karibu mpunga wote ulitoka katika shamba moja kubwa kando ya barabara kuu. Mwaka ule ndege wa kwelea kwelea walilishukia shamba lile wakati mpunga unaanza kujaa. Walitua kama wingu, wakaondoka kama wingu, na nyuma yao yakabaki mabua. Hapo ndipo wakubwa walipokumbuka kwamba wana msichana aliyetoka chuo cha ushirika. Wakamtuma Usangu atazame ni wapi mpunga mwingine unaweza kupatikana, na ni wapi unaweza kukatika tena.

Aliyependekeza jina lake alikuwa Didas, mkuu wa ununuzi katika ofisi ya Iringa. Chuoni alimtangulia kwa miaka miwili. Ndiye aliyekuwa akimwekea kiti karibu na mlango, kwa kuwa alijua Matilda hapendi kupita katikati ya watu. Wakati wa mapumziko alikuwa akimletea karanga kwenye karatasi, akiziweka mezani na kwenda zake bila neno, ili asimtie haya. Krismasi ya mwaka ule wazee wake Didas walikuwa waende Mlandege, nyumbani kwa kina Matilda, kupeleka posa.

"Wewe huwezi kusema mbele za watu," Didas alimwambia siku Matilda anaondoka. "Lakini ukiandika, mtu anasikia. Kwa hiyo niandikie. Kila utakachoona."

Na yeye akaandika.

*

Mwabuki kilikuwa kitongoji cha familia thelathini na moja za Wasukuma, waliohamia Usangu na ng'ombe wao miaka michache nyuma na kukiita kwa jina la kijiji walichokiacha kwao. Matilda alifika huko mwezi wa Juni, viatu mkononi, matope mpaka magotini. Mtu wa kwanza kumwona alikuwa Shigela, mwanamume mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe.

"Wewe unatoka wapi?"

"Iringa."

"Mhehe?" Shigela akageuka nyuma na kupaza sauti. "Jamani! Fungeni mbwa! Mhehe amefika, na anaonekana ana njaa!"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Matilda alitazama chini. Masikio yalimwaka moto. Kisha, kwa sauti ambayo watu wawili tu walio karibu waliisikia, akasema, "Wenu wamekonda mno. Sitaki."

Mmoja wa wale wawili alikuwa Ng'washi, mke wa Nkuba. Akapiga kofi la kicheko, akamshika msichana mkono, na kutoka hapo Matilda akalala nyumbani kwake wiki mbili, akatwanga naye, akaenda naye mtoni.

Nkuba alisemekana ana ng'ombe sitini. Matilda, ambaye alizoea kuhesabu kila kitu, alihesabu zizi mara tatu, na kila mara akapata kumi na tisa.

"Mzee, wengine wamekufa?"

"Hapana! Wapo." Nkuba akainua fimbo na kuonyesha mashariki, kisha kusini, kisha huko ambako Matilda hakuona kitu ila nyasi. "Wapo kwa rafiki. Huyu kumi, huyu sita, huyu nane, na wengine. Rafiki anakunywa maziwa, anawatunza. Na wa kwake wengine wako hapa kwangu. Ugonjwa ukiingia zizi hili, mimi si maskini. Ukiingia lile, yeye si maskini."

"Na mnaandika wapi?"

"Kuandika nini?"

"Ni ng'ombe gani wa nani, wako wapi."

Nkuba alimtazama kwa huruma. "Mwanangu, mtu anasahau ng'ombe wake?"

Na mbegu, Ng'washi alimwonyesha, walizifanya vivyo hivyo. Mwaka wa pili baada ya kuhamia, moto uliteketeza ghala lililokuwa na mbegu za kitongoji kizima. Tangu hapo, hakuna nyumba iliyokaa na mbegu yake yenyewe. Ya Ng'washi ilikuwa kwa jirani yake Mbuke, ya Mbuke kwa Shigela, na kuendelea hivyo. Wanawake waliichagua suke kwa suke kabla ya mavuno, wakaikausha kivulini, wakaichanganya na majivu ya kinyesi cha ng'ombe ili wadudu wasiiguse. Magunia mawili kwa kila nyumba. Magunia sitini na mawili, yamelala chini ya vitanda vya watu wengine.

Matilda alitetemeka kwa furaha. Mihula miwili mwalimu alikuwa amewafundisha habari za kugawa hatari na kuweka akiba, akachora mishale ubaoni mpaka chaki ikaisha, na hapa walikuwa watu wasio na ubao ambao walilifanya jambo lenyewe kwa mdomo tu.

Lakini kulikuwa na kitu kilichomsumbua. Wanunuzi wa Chama walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba baada ya mavuno, wakitaka kila gunia linaloonekana. Wangejuaje kwamba hili ni la kula na lile ni la kupanda?

"Nitajieni majina," alimwambia Ng'washi. "Nani ameweka kwa nani. Nikiandika, ofisi itajua kwamba haya ni mbegu. Hakuna atakayeyagusa."

Ng'washi alikuwa anapepeta. Ungo ukasimama. "Hii kitu hatusemagi kwa mgeni."

"Najua, mama."

"Hata mtoto wa hapa hatumwambii yote."

"Ni kwa ajili ya kuwalinda. Naapa."

Halafu Ng'washi akamtazama yule msichana aliyekuwa ameota malengelenge kwa mchi wake, na ambaye kila asubuhi alimwamkia kwa Kisukuma kibovu mpaka mbuzi wakageuka kumtazama. Akaanza kutaja majina.

*

Mwishoni mwa Oktoba Matilda alikuwa Mbeya, akisimamia upokeaji wa magunia kwenye ghala. Didas alimwandikia kwamba taarifa yake imesifiwa, kwamba aendelee kubaki huko kidogo. Mvua zilikuwa karibu. Asubuhi mlima Loleza ulijifunika kichwa, na watu wa mjini walitazama juu kabla ya kuanika nguo.

Ijumaa moja Jailos, dereva wa siku nyingi, aliingiza lori lake uani kinyumenyume na kushuka akijinyoosha.

"Bibi Matilda! Mzigo wako huo. Sitini na mawili, hakuna hata moja lililopasuka."

"Mzigo wangu? Wa wapi?"

"Wa wale Wasukuma wako."

Matilda alichukua bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, na kulichoma gunia la kwanza, kama alivyofanya kwa kila gunia. Mpunga ulitiririka kiganjani, na pamoja nao vumbi la kijivu. Alinusa. Akachoma la pili, la tatu, la nane. Kiganja kilijaa majivu.

"Jailos," alisema. "Hii ni mbegu."

"Mimi napakia ninachoambiwa."

"Nani kakuambia?"

Jailos alimtazama kama mtu anayetaniwa na hajui kama acheke. "Si wewe? Karatasi yako ninayo hapa." Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Ulikuwa mwandiko wa siku ya mtihani. Sehemu ya juu, ile yenye maneno yaliyopigiwa mstari mara mbili, ilikuwa imekatwa kwa mkasi, safi kabisa, na mahali pake pamegongwa mhuri wa ofisi ya ununuzi. "Tulifika, nikasema nimetumwa na Bibi Matilda. Wakakataa. Yule mama mnene akasema hana mpunga. Ndiyo nikaanza kusoma: wewe, wa kwako uko kwa Mbuke, chini ya kitanda. Wewe, wa kwako uko kwa Shigela. Basi, dada, walinyamaza. Wakatoa wenyewe, mmoja mmoja. Wakasema kama ni Matilda, ana sababu." Alisita. "Kwani hukutuma?"

Matilda alikuwa anatazama ule ukingo uliokatwa. Didas alikuwa na mkono mtulivu wa kukata karatasi. Alimjua hivyo tangu chuoni.

Alimwendea Saulo, mtunza ghala, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake alisema kwa sauti kubwa. "Magunia haya yasiende mashineni. Ni mbegu. Yakikobolewa yamekufa."

Saulo alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. "Mimi natii mhuri, binti yangu. Niletee neno la Iringa nitayarudisha hata leo. Nitayaweka pembeni mpaka Jumatatu. Zaidi ya hapo siwezi, foleni ya mashine unaiona."

Alipanda basi Jumamosi alfajiri. Chimala, Igawa, Makambako, Mafinga. Njia nzima alikuwa akitengeneza maelezo kwa niaba ya Didas. Labda karani alikosea. Labda mhuri uligongwa bila yeye kujua. Labda hata karatasi ilichanika tu. Lakini karatasi haichaniki kwa mstari ulionyooka namna ile, na kila alipofika hapo alianza upya.

*

Alimkuta ofisini, peke yake, mikono ya shati imekunjwa. Didas aliinuka haraka, akamvutia kiti kile cha karibu na mlango.

"Umekuja na basi? Umekula?"

"Umekata neno langu," Matilda alisema.

Didas alikaa. Hakukana. Hilo ndilo lililomuuma kwanza, kwamba hakuona hata haja ya kukana.

"Matilda, nisikilize. Shule tatu tumeziahidi mchele mwezi huu. Tumepungukiwa lori moja. Lori moja tu, na tukishindwa, kazi hii anapewa mwingine, na mimi na wewe tunarudi kulima kwa baba zetu. Nikafungua taarifa yako. Wewe mwenyewe umeandika, ukurasa wa tisa: kila ugavi uwe na akiba ya kuziba pengo siku ya upungufu. Upungufu umefika. Akiba ipo. Nifanye nini?"

"Ile akiba ni yao. Ya upungufu wao."

"Watalipwa. Sikuwaibia."

"Watapanda malipo?"

Didas akatabasamu lile tabasamu la karanga, la kuweka na kwenda zake. "Mbegu zitapatikana mahali. Watu wale hawakosi, wana njia zao. Si wewe uliyeandika hivyo?"

Matilda alihisi machozi yanakuja, akachukia kwamba yanakuja sasa. "Uliwaambia lori limetumwa na mimi."

"Wasingetoa kwa jina langu."

Aliisema kwa upole, kama anamsifu.

Nje mtu alipita na baiskeli akipiga kengele. Matilda alilia bila sauti, kama alivyolia maisha yake yote. Didas akazunguka meza, akachutama mbele yake na kumpa leso. Alisema amekosea. Alisema alibanwa, kwamba hakulala siku nne. Akamshika mikono yote miwili. "Rudi Mbeya. Jumatatu asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, nitampigia Saulo simu. Nitamwambia kuhusu magunia yale. Sawa? Niamini."

Naye alimwamini. Hili ndilo baadaye lililomtesa kuliko yote. Siku alipotuma ile orodha hakujua. Jumamosi ile alikuwa amekwisha kujua, na bado akaamini, kwa kuwa mikono iliyomshika ilikuwa ya moto na yeye alikuwa amechoka. Hata barua hakuomba. Aliona aibu kumwomba mtu aliyechutama mbele yake aandike na kutia sahihi.

Basi la Jumapili liliharibika Makambako. Aliingia Mbeya Jumatatu saa tatu asubuhi, akakimbia toka stendi mpaka ghalani, na kabla hajafika getini akasikia mashine zinanguruma. Hilo peke yake halikumtisha. Mashine zilinguruma kila Jumatatu.

Saulo alikuwa mlangoni, miwani mkononi.

"Amepiga?" Matilda aliuliza, pumzi haimtoshi.

"Amepiga. Saa moja na nusu kamili."

"Amesema nini?"

Saulo alisafisha kioo cha miwani kwa shati lake, akakisafisha tena. "Amesema tuanze na yale."

Ndani, vumbi la kijivu lilikuwa limetanda mpaka darini. Wapagazi walikuwa wakikohoa na kulalamika kwamba mpunga huu una majivu gani. Chini ya mdomo wa mashine ulitoka mchele mweupe, mzuri, mrefu, ule waliouchagua wanawake suke kwa suke. Matilda alichota kiganja kimoja. Ulikuwa wa vuguvugu. Aliusukuma kwa kidole, punje moja moja, akitafuta hata moja iliyobaki na ganda lake.

*

Jailos alimpeleka mpaka njia panda bila kumwambia mtu ofisini. Aliposimamisha lori alitazama mbele, akauliza, "Nikungoje?"

"Hapana."

Alitembea na viatu mkononi. Matope yalikuwa hayajaja bado. Ardhi ilikuwa imepasuka na kungoja. Shigela alimwona kutoka mbali. Hakusema lolote kuhusu mbwa. Aligeuza ng'ombe wake na kuwapitisha upande mwingine, na Matilda akagundua kwamba angetoa chochote ili atukanwe.

Uani kwa Ng'washi walikuwamo watu saba au wanane. Aliamkia. Waliitikia, kwa kuwa mtu huitikiwa. Hakukaribishwa kigoda. Alisimama katikati yao na kusema, na sauti yake safari hii haikuhitaji mtu awe karibu.

"Sikutuma mimi lile lori. Lakini niliyeandika ni mimi. Mliniambia hamsemi kwa mgeni, nikawaomba, mkasema. Nikampa mtu niliyemwamini. Nilikwenda kumwomba azirudishe, akaniahidi, nikamwamini tena."

"Ziko wapi?" Nkuba aliuliza.

"Zimekobolewa."

Mbuke akatoa sauti ndogo kama mtu aliyekanyaga mwiba. Mwanamume fulani alisema jambo kwa Kisukuma, refu na kali, na hakuna aliyemfasiria Matilda. Hakuhitaji.

Ng'washi alikuwa amekaa, miguu ameinyoosha mbele. Alimwacha alie mpaka machozi yakaisha yenyewe. Hakumwita mwanangu kama zamani.

"Vijana wameondoka juzi," alisema hatimaye. "Wamekwenda kuchukua nyingine."

Matilda aliinua uso. "Nyingine?"

"Wewe tulikutajia za hapa. Za mbali hatukukutajia."

Ilimchukua muda kuelewa. Alifurahi, kifua kikafunguka, na papo hapo kitu kingine kikamchoma ndani ya furaha ile. Wiki mbili alilala katika nyumba hii. Alitwanga, akateka maji, akaambiwa siri akadhani ni yote.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Kwa sababu unaandika," Ng'washi alisema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyoeleza kwamba mto una mamba.

"Zitatosha?"

"Nusu." Nkuba ndiye aliyejibu. "Labda pungufu. Shigela hana za mbali kabisa. Yeye anasema atahama na ng'ombe, aende kusini, mvua hii haimngoji. Na watoto wake wote." Alipangusa uso kwa kiganja. "Tulihama naye kutoka nyumbani."

Mbali, kwenye vumbi, Shigela alikuwa bado anaswaga ng'ombe wake, na sauti yake ilifika uani imepungua.

Ng'washi alijivuta, akapisha nafasi kwenye ngozi aliyoikalia. Haikuwa nafasi kubwa, wala hakumtazama alipofanya hivyo. Matilda alikaa ukingoni, magoti pamoja, nusu mwili juu ya ngozi na nusu juu ya udongo. Kisha yule mama, labda kwa kuwa alimhurumia, labda kwa mazoea tu ya kusema na mtu aliye kando yake, akaelekeza kidevu kule nyasi zilikoishia.

"Hawatakawia sana. Si mbali hivyo. Ziko kwa ndugu yake Nkuba, pale unapovuka..."

"Usiniambie, mama," Matilda alisema, akaziba masikio kwa mikono miwili, kwa nguvu, kama mtoto. "Nakuomba. Usiniambie ziko wapi."